Ufa wa Nani? Historia Fupi ya Mpangaji Anayerithi Uharibifu

Rafiki yangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, mkataba wake wa nyumba pale Sinza ulikuwa umebakiza miezi mitano. Ilikuwa chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Alishalipa kodi ya mwaka mzima, na amana ya mwezi mmoja alikuwa ameiweka kwa mama mwenye nyumba. Tukakubaliana kirafiki: nimrudishie hela ya miezi iliyobaki pamoja na ile amana, yeye anikabidhi funguo. Mama akapigiwa simu, akasema hana neno. Karatasi haikuandikwa. Nani aandikishane na rafiki yake?

Miezi mitano ikaisha. Mama akaja na fundi. Sinki la jikoni lina ufa, mlango wa chooni umeoza kwa chini, soketi mbili zimeungua. Nikamwambia, "Mama, haya mimi nimeyakuta." Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma: "Mwanangu, mimi nilitoa nyumba nzima. Anayenirudishia funguo leo ni wewe. Ya huko katikati mtamalizana wenyewe." Amana ikaishia hapo.

Nilikasirika wiki nzima, halafu nikaanza kusoma. Kumbe mama yule, pengine bila kujua, alikuwa anazungumza kama majaji wa Uingereza wa zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Tuanzie nyuma kidogo. Sheria ya Gloucester ya mwaka 1278 ilikuwa kali kwelikweli: mpangaji aliyeharibu alichopangishwa alinyang'anywa sehemu aliyoiharibu na kulipa fidia mara tatu. Swali lake lilikuwa jepesi: nani kaharibu? Ukimpata, unambana. Lakini mikataba ya kupanga ilizidi kuwa mirefu, miaka 21 kwa mfano, na mtu mmoja hakai humo mpaka mwisho. Anauza miaka iliyobaki kwa mwingine, na huyo mwingine anamuuzia wa tatu. Sasa nyumba ikikutwa mbovu, au ahadi ikiwa haijatimizwa, unamshika nani?

Hapo ndipo inapoingia kesi ya Spencer ya mwaka 1583. Bwana Spencer na mkewe walipangisha nyumba na kiwanja, mali iliyotoka upande wa mke, kwa mtu ambaye kumbukumbu inamtaja kwa herufi moja tu, S. Muda ulikuwa miaka 21. S akaahidi kwamba utajengwa ukuta wa matofali kwenye sehemu ya kiwanja kile. Hakuujenga. Akamwachia J mkataba. J naye hakuujenga, akamwachia Clark. Akina Spencer wakamshitaki Clark, mtu wa tatu kwenye foleni, ambaye hakuwahi kukaa nao meza moja kuahidi chochote.

Majaji walimwachia Clark, ila sababu waliyoitoa ndiyo iliyobaki na sisi. Walitenganisha mambo mawili. Ukuta ambao haujakuwepo bado ni ahadi ya mtu: S alijifunga yeye mwenyewe, wasii wake na wasimamizi wa mirathi yake, hakuwafunga wapokeaji wa mkataba, basi Clark yumo nje. Lakini kitu ambacho tayari kipo, kama nyumba yenyewe, ahadi ya kukitengeneza inashikamana nacho. Inamfuata kila anayekipokea, awe ametajwa au hakutajwa. Edward Coke aliiweka kesi hii katika sehemu ya tano ya ripoti zake, iliyochapishwa mwaka 1605, na wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo.

Mswahili ana methali ambayo ingewafaa majaji wale: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeisikia tangu shule ya msingi, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia ufa wenyewe ni wa nani. Methali inamsemesha "wewe" uliye mbele ya ufa, basi. Haiulizi nani alipigilia msumari pale. Kesi ya Spencer inafanya vivyo hivyo: ukuta mpya usiouahidi unaweza kuukataa, lakini ufa uliomo ndani ya nyumba unayoishikilia ni wa kwako kuuziba.

Utasema, basi angalau nilipie kilichoharibika tangu nilipoingia. Ndiyo, kwa maneno makavu ya sheria ya Kiingereza, mpokea mkataba hadaiwi fidia ya makosa yaliyotendeka kabla yake. Ujanja uko kwenye neno "kutunza". Ahadi ya kuitunza nyumba inajirudia kila kukicha. Ufa wa mwaka jana, kwa kuwa leo bado haujazibwa, ni kosa jipya la leo, na leo aliyemo ndani ni wewe. Mwaka 1890, katika kesi ya Proudfoot na Hart, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema wazi: aliyeahidi kuiweka nyumba katika hali nzuri ni lazima kwanza aifikishe kwenye hali hiyo, hata kama aliikuta mbovu. Majaji wakaongeza nafuu kidogo, kwamba hali nzuri inapimwa kwa umri wa nyumba, aina yake na mtaa ilipo. Nyumba ya matajiri wa Grosvenor Square haipimwi sawa na ya Spitalfields. Kwa kwetu, Masaki na Manzese.

Aliyeondoka naye hakuwa salama. Mpangaji wa kwanza alibaki amefungwa na sahihi yake hadi siku ya mwisho ya mkataba, hata kama alishahama miaka kumi iliyopita. Uchumi wa Uingereza ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliokwishasahau maduka na ofisi zao walijikuta wanadaiwa kodi ya wageni walioingia baada yao. Kelele zilikuwa nyingi, na Bunge likatunga sheria ya mwaka 1995: kwa mikataba mipya kuanzia Januari 1996, anayeuhamisha mkataba kwa halali anafunguliwa, na anayeupokea hawajibiki kwa siku zilizotangulia. Ufa ambao haujazibwa, hata hivyo, bado unamsubiri mlangoni.

Ufaransa walikwenda njia nyingine, ya karatasi. Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, kifungu cha 1731, inasema kama hamkuandikiana hali ya nyumba mlipokabidhiana, mpangaji anahesabiwa aliipokea nzima. Akitaka kukanusha, alete ushahidi. Ubelgiji waliirithi kanuni hiyohiyo kwa namba hiyohiyo, kisha mwaka 1983 wakaigeuza juu chini: kama hakuna maandishi ya kina, mpangaji anahesabiwa aliipokea nyumba vile ilivyo siku anapoondoka, na mwenye nyumba ndiye wa kuleta ushahidi. Kifungu kimoja, nchi mbili jirani. Kule ukikosa karatasi unaumia mpangaji, huku anaumia mwenye mali. Ningekuwa Brussels siku ile, sinki lingekuwa na kesi tofauti kabisa.

Na sisi je? Waingereza walitawala Kenya na Tanganyika kwa sheria walizozipitisha kwanza India, mojawapo ikiwa Sheria ya Uhamishaji Mali ya mwaka 1882. Kifungu chake cha 108 kilimtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali nzuri kama aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida na majanga yasiyozuilika. Kilimruhusu pia kumhamishia mwingine haki yake, ila kuhamisha peke yake hakukumvua madeni. Tanzania iliachana na sheria hiyo kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Kenya kwa sheria zake za mwaka 2012. Wazo lenyewe lilibaki katika zote mbili: rudisha majengo yalivyokuwa muda wa kupanga ulipoanza, ukitoa uchakavu wa kawaida.

Hebu lisome tena hilo neno "ulipoanza". Ulianza lini? Ukisaini mkataba mpya na mwenye nyumba, unaanza siku yako. Ukiuchukua mkataba wa mwenzako katikati, muda ulianza siku yake, sinki lilipokuwa zima. Kwa ile hela niliyompa rafiki yangu nilinunua miezi mitano ya mbele na saba ya nyuma, na ile ya nyuma sikuwahi kuilala hata usiku mmoja.

Nilimpigia simu Dodoma. Akaapa soketi moja ilikuwa imeungua kabla hata yeye hajaingia. Namwamini. Maana yake hata yeye aliupokea ufa wa mtu, akanipokeza mimi, na sote wawili hatukuandika. Alinitumia nusu ya hela, tukacheka, urafiki ukapona.

Nyumba niliyomo sasa niliingia na daftari. Tulizunguka watu watatu: anayetoka, mimi, na mwenye nyumba. Kila chumba, kila bomba, kila kitasa, picha na tarehe, sahihi tatu chini. Mzee mwenye nyumba aliniuliza kama mimi ni mwanasheria. Nikamwambia hapana, shikamoo mzee, mimi ni msomaji tu. Akacheka, kisha akaniazima kalamu yake na kuongeza kwa mkono wake kitu ambacho sikuwa nimekiona: "Dirisha la nyuma, kioo kimoja kina ufa."