Kongo Nyekundu: Rangi ya Nguo Iliyogeuka Kipimo cha Hospitali

Mwaka 1883, mkemia Mjerumani Paul Böttiger, aliyefanya kazi katika kampuni ya Bayer mjini Elberfeld, alitengeneza rangi nyekundu iliyoshika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuigandisha. Hataza yake iliuzwa kwa kampuni ya AGFA ya Berlin, nayo mwaka 1885 ikaitoa sokoni kwa jina la Kongo nyekundu. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikuwa ndiyo kwanza umekwisha, na Kongo ilitajwa kila mahali. Rangi yenyewe haikutoka Kongo.

Wakati huo madaktari walikuwa na fumbo lao. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona ndani ya tishu vitu vilivyobadilika rangi kwa iodini, kama ufanyavyo wanga, akaviita amiloidi. Miaka mitano baadaye, Friedreich na Kekulé walionyesha kwamba kiini chake ni protini. Leo tunajua kuwa protini hizo hujikunja vibaya, hushikamana zikawa nyuzi, kisha hurundikana kwenye moyo, figo au neva hadi kiungo kishindwe kufanya kazi.

Mwaka 1922 Hans Bennhold aligundua kwamba Kongo nyekundu hushika amiloidi. Lakini wekundu peke yake ungeweza kumpotosha daktari, kwani tishu nyingine nazo hunyonya rangi hiyo. Jibu lilitoka Ubelgiji mwaka 1927: Divry na Florkin walitazama tishu iliyotiwa rangi kwa mwanga uliopolarishwa, na amiloidi ikang'aa kijani cha tufaha. Molekuli za rangi hujipanga sambamba na nyuzi za protini, ndiyo maana mng'ao huo hutokea.

Karibu miaka mia moja imepita, na kijani hicho bado ndicho ushahidi mkuu. Hakitaji ni protini ipi, kwa hiyo vipimo vingine lazima vifuate, maana kila aina ina tiba yake.

Kwa rangi za kawaida za maabara, amiloidi huonekana kama doa la waridi lisilo na dalili ya pekee, na hupita kirahisi bila kutambuliwa. Daktari mwenye mgonjwa anayepoteza protini kwenye mkojo, au ambaye kuta za moyo wake zimenenepa bila sababu, aiombe maabara kipimo cha Kongo nyekundu mapema. Mara nyingi mafuta kidogo ya tumboni yaliyofyonzwa kwa sindano hutosha kuanzia.