Neno « prelatist »: cheo cha heshima kilichogeuka tusi

Wenye kusikiliza habari kwa Kifaransa wamezoea kusikia askofu akiitwa « prélat ». Ni neno la heshima. Lakini kule Uingereza na Uskoti, katika karne ya 17, neno la ukoo ule ule lilikuwa tusi. « Prelatist » ilikuwa mtu mwenye kuunga mkono utawala wa maaskofu ndani ya kanisa. Si lazima awe askofu mwenyewe. Hata mkulima aliweza kuitwa vile.

Mzizi ni wa Kilatini: « praelatus », yaani aliyewekwa mbele ya wengine. Na ile kuwekwa mbele njo ilileta vita.

Mwaka wa 1637, mfalme Charles I alilazimisha kanisa la Uskoti kutumia kitabu kipya cha sala. Fujo ikazuka ndani ya kanisa la St Giles, mjini Edinburgh. Mwaka uliofuata, mkutano mkuu wa kanisa kule Glasgow ukafuta maaskofu wote. Waliotaka kanisa liongozwe na wazee waliitwa « Presbyterian », kutoka Kigiriki « presbyteros », mzee. Neno hilo hilo njo lilizaa « prêtre », padiri, kwa Kifaransa. Ajabu kidogo, kwa watu waliokuwa hawapendi mapadiri!

Mwaka wa 1643, Waskoti na Bunge la Uingereza waliapa pamoja kung'oa utawala wa maaskofu. Kuanzia hapo, kuitwa prelatist haikuwa mchezo: mchungaji aliyekataa kiapo aliweza kupoteza parokia yake. Kisha gurudumu likageuka. Charles II alirudisha maaskofu, na mwaka wa 1662 ilikuwa zamu ya wachungaji wa upande ule mwingine kufukuzwa makanisani.

Mwaka wa 1689, Uskoti ilifuta tena maaskofu. Wale waliobaki nao wanajulikana leo kwa jina lisilo na tusi: « Episcopalian ». Hilo linatoka Kigiriki « episkopos », msimamizi. Waarabu walilichukua wakasema « usquf », na kwa njia yao likafika kwetu: askofu. Waanglikana wa Boga, kule Ituri, ambako Apolo Kivebulaya alifika mwaka wa 1896, wanaongozwa na maaskofu hadi leo. Kwa Waskoti wa 1643, nao wangekuwa prelatist.