Vyumba vya Wapitaji, Mtaa wa Wakaaji: Historia ya Barabara Kuu ya Turkana

Mtu akitaka kujua mji unaishi kwa nini, na aitazame barabara yake kuu: nani amejenga nini kando yake, nani hulala wapi, na taa zipi bado zinawaka baada ya saa nne za usiku. Nairobi ina Moi Avenue, Mombasa ina pembe zake za ndovu zilizopinda juu ya magari, na Turkana ina A1. Barabara hii, ikitoka Kitale, inateremka Marich, inapita Kainuk, Lokichar, Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, kisha inafika mpaka wa Sudan Kusini huko Nadapal. Si barabara ya mji mmoja, lakini kila mji unaopitiwa nayo umejipanga kuifuata, milango ya maduka ikitazama lami na migongo yake ikitazama mchanga. Historia ya vyumba vyake vya kulala na ya usiku wake inaonyesha jambo ambalo wapangaji wa maendeleo wamelipuuza mara nyingi: kilichojengwa kwa ajili ya mpitaji kiliondoka naye, na kilichojengwa kwa ajili ya mteja anayetarajiwa kurudi mwezi ujao ndicho kilichobaki.

Kwa sehemu kubwa ya enzi ya Mwingereza, hapakuwa na mgeni wa kulazwa. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria za wilaya maalumu, ikiwemo ile ya 1934, zilimtaka mtu wa nje awe na kibali kabla ya kuingia, na zilimbana mwenyeji aliyetaka kutoka. Mfanyabiashara Shah Mohamed ndiye anayetajwa kuwa alianzisha kituo cha biashara Lodwar, kando ya mto Turkwel, mwaka wa 1933. Serikali ikaongeza zahanati, nyumba ya mkuu wa wilaya na jela. Mgeni mashuhuri kuliko wote katika historia ya mji huo aliletwa chini ya ulinzi. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953 na kufungwa Lokitaung, kaskazini zaidi, pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mwaka wa 1959 alipomaliza kifungo hakurudishwa kwao. Alihamishiwa Lodwar, akawekwa kizuizini hadi alipopelekwa Maralal mwaka wa 1961. Nyumba aliyoishi Lodwar imehifadhiwa na leo ni miongoni mwa vivutio ambavyo mgeni huonyeshwa kwanza. Inafaa kukumbuka kwa nini iko pale. Serikali ya kikoloni iliichagua Lodwar kwa kuwa iliamini hakuna atakayefika. Kutofikika kwa Turkana hakukutokana na jua na mchanga pekee. Kulitungwa kwa sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyochelewesha kuzaliwa kwa mtaa wa biashara kwa kizazi kizima.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka polepole, na waliokuja kwanza waliletwa na njaa. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wameingia na chakula cha msaada mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dayosisi ya Lodwar ikaundwa mwaka wa 1978. Sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono juu ya kilima cha mji, ambayo sasa huonekana hata na abiria wa ndege inayotua, ni matunda ya historia hiyo. Kisha wakaja Wanorwe. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifadhili barabara kutoka Kitale hadi Lodwar na kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi mno: gharama za umeme na maji ya kugandishia zilikuwa kubwa, na ghuba ya Ferguson, palipokuwa na samaki wengi, ilikauka ziwa liliporudi nyuma. Mwezi Oktoba 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe, na wafadhili wakaondoka. Lakini samaki hawakuacha kuvuliwa. Wavuvi waliendelea kuwakausha juani na kuwatia chumvi, na wachuuzi wakaendelea kuwasafirisha Kitale na Kisumu kwa malori. Jengo lilikuwa la mgeni na likanyamaza. Biashara ilikuwa ya wenyeji na ikaendelea.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Lokichoggio. Mwaka wa 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Mwaka wa 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha operesheni ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan, na Lokichoggio, au Loki kwa kifupi, ikawa kituo chake kikuu. Wakati wa njaa kali ya Bahr el Ghazal mwaka wa 1998, ndege za mizigo zilipaa kutoka uwanja ule tangu alfajiri. Kambi za kulala za wafanyakazi wa mashirika zilienea: mahema yenye vitanda vya chandarua, vibanda vya makuti, baa zenye bia baridi, mahali pa kuchoma nyama, muziki usiku wa manane katika eneo ambalo wenyeji wengi hawakuwa na hata taa ya koroboi. Loki ilikuwa na usiku wenye shamrashamra kuliko mji wowote wa kaskazini. Kisha, tarehe 9 Januari 2005, mkataba wa amani ya Sudan ukatiwa saini Nairobi. Mashirika yakahamia Juba. Mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu ulikabidhi Lopiding kwa serikali ya Kenya. Amani, ambayo kila mtu mwema aliiombea, ilizifunga baa za Loki na kuwaacha wapishi, madereva na wafuaji bila kazi. Hapakuwa na kosa katika amani. Kosa lilikuwa katika msingi wa mtaa wenyewe, kwa kuwa mteja wake alilipa taslimu, alilala kwa miezi michache, na hakuwa na sababu ya kurudi kazi ilipokwisha.

Kakuma, kilomita 95 hivi kusini mwa Loki, ilipata wageni wake katika vita hivyohivyo. Mwaka wa 1992, baada ya serikali ya Mengistu kuanguka Ethiopia na mji wa Kapoeta kutwaliwa na jeshi la Sudan, maelfu ya vijana wa Sudan walivuka mpaka kwa miguu na kambi ikafunguliwa kando ya laga (mto wa msimu) ya Tarach. Tofauti ni kwamba wageni hawa hawakuruhusiwa kuondoka. Kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali cha kutoka nje ya kambi. Zuio hilo lilikuwa dhuluma, na halistahili kupambwa. Lakini watu walionyimwa njia ya kwenda walijenga mtaa pale walipo. Waethiopia walifungua hoteli za injera na kahawa, Wasomali wakaleta maduka ya jumla, nguo na huduma za kutuma pesa, Wakongo wakashona na kufungua saluni na kumbi za muziki. Waturkana waliuza mkaa, kuni, mbuzi na nyama, wakaingia kambini asubuhi na kutoka jioni. Mwaka wa 2018 Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), tawi la Benki ya Dunia, lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba matumizi ya kambi na mji wa Kakuma yalifikia shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na kwamba kambini mlikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa karibu na mwaka 2016, yana watu karibu 300,000. Mtaa ambao haukupangwa na mtu yeyote kuwa mtaa umedumu zaidi ya miaka 30.

Kinachoushikilia mtaa wa Kakuma ni mkopo wa duka. Mama hununua unga na sukari leo na kulipa mgao wa msaada unapofika. Kwa mpango wa Bamba Chakula, ulioanza mwaka 2015, sehemu ya mgao huo ilikuja kama vocha katika simu, na mwenye duka alijua siku yake. Mchungaji naye huchukua majani ya chai na tumbaku, akalipa kwa mbuzi mvua ikinyesha. Mwenye duka anayekopesha anaamini kwamba mtu huyu ataonekana tena mlangoni. Mfanyakazi wa shirika huko Loki hakukopa kwa sababu hakuhitaji, na kwa sababu hiyohiyo hakufungamana na duka lolote. Mkopo huu una ubaya wake: wapo wenye maduka walioshikilia kadi za mgao kama rehani, na wapo wanunuzi waliolipa bei ya juu kwa kukosa chaguo. Hata hivyo, unabaki kuwa ushahidi wa imani kati ya muuzaji na mnunuzi, na imani hiyo haikuwahi kumea katika kambi za mapumziko za Loki.

Mwezi Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, na historia ikajirudia upande wa kusini. Mwaka uliofuata serikali ya kaunti ilizaliwa, na hoteli za ghorofa zikaanza kuinuka Lodwar na Lokichar: vyumba vyenye viyoyozi, bafe ya jioni, bustani za bia. Bei ya mafuta duniani ilianguka kuanzia katikati ya 2014. Mafuta ya majaribio yaliyoanza kubebwa kwa malori hadi Mombasa mwaka wa 2018 yalisimama 2020, na mwaka wa 2025 Tullow ilikubali kuuza hisa zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Hoteli za Lodwar zilinusurika kwa kuwa makao ya kaunti yalileta mteja wa kudumu: diwani, mwalimu anayefuatilia mshahara, mgonjwa anayekuja hospitali ya rufaa, mgeni wa tamasha la utamaduni la Tobong'u Lore. Lokori haikuwa na bahati hiyo. Sehemu kubwa ya visima imo katika Turkana Mashariki, ambako Lokori, kando ya mto Kerio, ndio mji wa kutegemewa. Hata hivyo, fedha za malazi zililala Lokichar na Lodwar, kando ya lami, huku njia ya Lokori kwenda Kapedo ikitajwa kwa mashambulizi kuliko kwa biashara. Mwaka wa 2023 kafyu ya usiku iliwekwa katika maeneo ya kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo. Mji usiofikika jioni hauwezi kuwa na usiku wa starehe, hata uwe na mafuta chini ya miguu yake.

Umeme nao unasimulia habari hiyohiyo. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka wa 1991, lilijengwa kuzalisha megawati 106, na nyaya zake zikaelekea kusini hadi Lessos. Lodwar, mji mkubwa zaidi ulio kwenye mto huohuo, iliendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli. Baa inayozima friji saa tano usiku haizimi kwa kukosa wateja. Huko Kakuma wafanyabiashara walijinunulia jenereta na kuwauzia majirani umeme kwa taa na soketi. Mara nyingine tena, waliobaki ndio waliowasha.

Yupo atakayepinga kwamba Kakuma nayo ni zao la wafadhili, na kwamba mgao ukikoma mtaa utakufa kama Loki. Pingamizi hili ni zito. Mwaka wa 2025 mgao ulipokatwa vikali, maandamano yalizuka kambini na maduka yaliyokopesha yakabaki na madeni yasiyolipika. Lakini tazama kilichofuata: watu hawakupanda ndege. Walipunguza milo, wakatafuta vibarua, wakaendelea kuuziana. Mtaa uliumia sana, ila haukuhama, na dawa yake ni kumruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, kama sheria ya wakimbizi ya 2021 inavyoahidi, badala ya kumweka kwenye foleni ya mgao maisha yake yote. Mwingine atasema bila wapitaji kusingekuwa na barabara yenyewe. Ni kweli: lami mpya ya Lokichar hadi Nadapal, iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia katika mradi ulioidhinishwa mwaka wa 2015, iliwekwa kwa ajili ya malori ya Juba. Mpitaji huleta lami, na ni vyema aje. Hoja ni kwamba asifanywe mteja anayepangiwa kila kitu.

Pingamizi la tatu ndilo la kale zaidi: kwamba Waturkana ni wafugaji wanaohama, kwa hiyo hawawezi kuwa wateja wa kudumu wa mtaa wowote. Jibu limesimama karibu na Lokori yenyewe. Huko Namoratunga kuna makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe, mengine yakiwa yamechorwa alama zinazofanana na zile ambazo wafugaji wa eneo hili hupiga mifugo yao hadi leo. Namoratunga nyingine, yenye nguzo 19 za basalti, ipo kando ya barabara ya Lodwar na Kalokol, na tangu mwaka wa 1978 wataalamu wamebishana kama zilipangwa kufuata nyota. Ubishi huo uishe utakavyoisha, hakuna mfugaji anayepanga mawe mahali asipokusudia kurudi. Kuhama kwa mfugaji ni mzunguko: anaondoka na ukame na kurudi na malisho, tena kwa uhakika kuliko mkandarasi yeyote aliyewahi kukodi chumba Lodwar.

Basi Gulf Energy au mwingine atakaporudisha mitambo visimani, kaunti isihesabu vitanda vya hoteli kama kipimo cha maendeleo. Iulize kama njia ya Lokori inapitika usiku, kama soko lake la mifugo lina maji, benki na taa, kama mwenye gesti ya vyumba vinne anaweza kupata zabuni ya kulaza wafanyakazi, na kama faida yake itamwezesha kubaki wazi kwa mwalimu na mfanyabiashara wa mbuzi baada ya wafanyakazi hao kwenda. Zaidi ya nusu karne ya vyumba vya A1 imeshatoa jibu kuhusu nani wa kumtegemea. Lokori inaweza kupata mtaa wake bila kupitia njia ya Loki, iwapo wanaopanga watamjengea kwanza yule ambaye tayari anadaiwa dukani.