Woga uliofunzwa, na namna unavyoondolewa

ALIYEUMWA na nyoka, wahenga walinena, akiona ung'ongo hushtuka. Fobia huzidi hapo: moyo humwenda mtu mbio ilhali ajua fika hapana hatari. Anapokikwepa anachokiogopa hupata nafuu ya muda, na woga huota mizizi.

Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka wa 1920, John B. Watson na Rosalie Rayner walimfunza mtoto wa miezi 11 kumwogopa panya mweupe, kwa kugonga chuma kwa kishindo alipomgusa. Ukatili mtupu, wala hawakumtibu.

Mwaka wa 1924, Mary Cover Jones alieleza alivyomtibu Peter, mvulana aliyeogopa sungura: mnyama alisogezwa hatua kwa hatua, mtoto akila chakula akipendacho. Wanasaikolojia wangali wanatumia mbinu hiyo ya kumkaribia adui polepole.