Mkosoo, Si Mrejesho: Neno Linalomfaa Mwanafunzi wa Kuchora

Katika mwongozo mmoja wa kufundishia uchoraji niliopewa niupitie kabla haujapigwa chapa, ukurasa wa mazoezi ya mwanzo ulibeba agizo hili: mwalimu ampe mwanafunzi "mrejesho chanya" kuhusu mchoro wake. Nilipinga kwa maandishi, nikaeleza sababu, nikapendekeza neno jingine. Sikujibiwa. Mwongozo ukatoka kama ulivyokuwa, na sasa "mrejesho chanya" unasomwa na walimu wasio na habari kwamba neno hilo liliwahi kubishiwa. Kwa kuwa waliopaswa kujibu walichagua kunyamaza, hoja yangu naileta mbele ya wasomaji. Mrejesho si neno la kazi hii. Neno lake ni mkosoo.

Tuanze na mzizi. Mrejesho umetoka katika rejesha, rejesha katika rejea, na rejea tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa na maana ya kurudi. Kinachorejeshwa ni kile kile kilichotoka: kitabu cha kuazima hurejeshwa maktaba, mkopo hurejeshwa kwa mwenye fedha. Rejesha haimdai anayerejesha afanye lolote juu ya kile anachokirejesha, ila akifikishe kilikotoka. Mwanafunzi aliyempelekea mwalimu karatasi yenye michemraba iliyopinda, akirejeshewa kwa maana kamili ya neno, atapata karatasi yake na michemraba yake iliyopinda. Neno halitaji kosa, halitaji jicho la mwalimu, wala halitaji kazi inayofuata.

Waliolichagua walikuwa wakilifuata neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hulitamka fidibaki, na neno hilo halikuzaliwa darasani. Ni neno la mafundi wa redio wa mwanzo wa karne ya 20, lililoundwa kwa kuunganisha kulisha na nyuma: mkondo uliokwisha kutoka kwenye saketi unalishwa tena pale ulipoingilia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko jina. James Watt alitumia kidhibiti mwendo chenye tufe mbili zinazozunguka katika injini zake za mvuke tangu mwaka 1788, na James Clerk Maxwell akaandika hisabati ya vidhibiti vya aina hiyo mwaka 1868. Mwaka 1927 mhandisi Harold Black wa Marekani akabuni kikuza mawimbi kinachorudishiwa sehemu ya mawimbi yake kinyume ili kupunguza upotoshaji. Mwaka 1948 Norbert Wiener akalitandaza wazo hilo juu ya mashine na viumbe hai pamoja, katika kitabu alichokiita Cybernetics, kwa kufuata neno la Kigiriki la mshika usukani. Baadaye tu ndipo neno likatulia katika ofisi za utumishi na madarasa.

Kwa saketi, kwa injini na kwa usukani, mrejesho ni tafsiri njema na sina ugomvi nayo. Maikrofoni ikielekezwa kwenye spika yake, ule mlio mkali unaotokea ni mrejesho, na fundi mitambo asiutafutie jina jingine. Lakini mwanafunzi wa kuchora si saketi. Saketi hujirekebisha bila kujua imerekebika. Mwanafunzi harekebiki mpaka aone alipokosea, na kuona huko ndiko kazi nzima ya mwalimu wa hatua ya mwanzo. Neno lisilogusa kuona wala kukosea haliwezi kuibeba kazi hiyo, hata likipitishwa na vikao vingapi.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Zoezi la kwanza la mkono ni nukta mbili na mstari mmoja, bila rula, unaovutwa kwa pigo moja kutoka nukta hadi nukta. Mstari wa anayeanza hupinda katikati kwa kuwa amegeuzia kwenye kifundo cha mkono badala ya begani. Au huipita nukta ya pili. Au huishia kabla yake. Au hutetemeka kwa kuwa umevutwa kwa woga. Katika hali zote hizi Mswahili hana haja ya kamusi: atasema mstari umekosa. Umekosa nukta kama mshale unavyokosa shabaha na kama msafiri anavyokosa njia. Kosa katika lugha yetu si hatia ya mahakamani peke yake. Ni kupishana na ulichokilenga, na hakuna maelezo sahihi zaidi ya mchoro wa anayeanza. Duaradufu yake ina ncha mbili zilizochongoka ambazo zilipaswa kuviringika: imekosa. Kingo za mchemraba wake zinazokwenda mbali zilipaswa kuelekea nukta moja, nazo zinatawanyika: zimekosa.

Ndipo tunapofika kwenye kitenzi ambacho lugha ilikwisha kutuandalia kabla hatujaitisha semina yoyote. Kiswahili kina kauli ya kutendua. Ukifunga, unafungua. Ukiziba, unazibua. Ukikunja, unakunjua. Ukibandika, unabandua. Ukifuma, unafumua. Na pale mzizi unapokuwa na irabu o, kiambishi nacho huwa o, kwa ule mwafaka wa irabu tunaowafundisha wanafunzi wa sekondari: choma, chomoa. Kosa, kosoa. Kukosoa ni kulitendua kosa, kuling'oa pale lilipokaa kama mwiba unavyochomolewa. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaifasiri kosoa kwa kusahihisha na kuweka sawa, kazi ya mtu anayepitia hesabu au maandishi ili yatengemae. Maana ya kushambulia, tunayoisikia leo katika habari za siasa, imekuja kuwekwa juu ya ile. Haikuifuta.

Mtaalamu mmoja alisimama katika kikao nilichohudhuria akadai kwamba kiambishi hicho si cha kutendua kila mahali. Akatoa mfano wa songa na songoa, kama na kamua, ambako kinazidisha tendo badala ya kulitengua. Akahitimisha kwamba kukosoa kunaweza kuwa kuzidisha kosa. Ukumbi ulipiga makofi. Mifano yake ni ya kweli, lakini hitimisho lake si la kweli, na aliyefundishwa sarufi hakupaswa kulitoa. Maana ya kitenzi haipatikani kwa kutazama mkia wake pekee. Hupatikana kwa namna wenye lugha wanavyokitumia. Aliyesongoa nguo amezidi kuikaza, hilo tunalijua kwa matumizi. Kwa matumizi hayo hayo tunajua kwamba aliyekosoa hesabu hakuongeza makosa ndani yake. Hakuna babu wala bibi wa pwani wala wa bara aliyewahi kuitumia kosoa kwa maana ya kukosea zaidi.

Nimeelezwa pia kwamba yapo maneno mengine, ya nini kuunda jipya. Nimeyapima moja moja. Maoni yametoka katika ona, na ubora wake ni huo wa kutaja jicho. Lakini maoni ni ya kila mtu na hayalazimishi. Kwamba mstari haukufika kwenye nukta si maoni ya mwalimu, ni jambo linaloonekana kwa wote wawili. Tathmini ina asili ya Kiarabu katika neno la bei: kutathmini ni kutaja thamani, na ndicho tunachokifanya tunapoandika sita kwa kumi juu ya mchemraba. Bei haimwambii muuzaji namna ya kuboresha bidhaa. Uhakiki ni neno zito la fasihi, linatafuta haki na ukweli wa kazi iliyokamilika. Kuuleta juu ya karatasi ya mistari ya mazoezi ni kumwonea mwanafunzi na kulichosha neno. Sahihisho ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine, maana asili yake ni usahihi na siha kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba limekwisha kuozwa kwa kalamu nyekundu, alama ya vema na alama ya mkasi. Hesabu ina jibu moja na mwalimu anaweza kuliandika pembeni. Mchoro hauna jibu la kuandika pembeni. Mwalimu akiuchora upya mstari wa mwanafunzi, mkono uliojifunza ni wa mwalimu.

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi yangu ni ya huruma. Husemwa kwamba mkosoo utawavunja moyo wanaoanza, na kwamba ndiyo maana "chanya" ikawekwa kando ya mrejesho. Naichukua hoja hii kwa uzito, kwa kuwa nimeona watoto walioacha penseli baada ya kuchekwa. Lakini kuchekwa si kukosolewa. Aliyechekwa ameonyeshwa kwamba yeye ni mkosaji na akaachwa hapo. Aliyekosolewa ameonyeshwa kosa na kutolewa humo. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi anayemficha mwanafunzi kosa lake kwa sifa za jumla anamwandalia kulirudia. Kumwambia mtoto "umejitahidi, hongera" huku duaradufu zake zote zimechongoka ni kumnyima kitu alichokuja kukitafuta.

Ushahidi ninaoupenda ni wa John Ruskin, aliyefundisha wafanyakazi kuchora katika Working Men's College ya London kuanzia mwaka 1854, kisha mwaka 1857 akatoa The Elements of Drawing kwa ajili ya wanaoanza. Zoezi lake la kwanza ni mraba mdogo unaojazwa mistari ya kalamu ya wino, mistari juu ya mistari, mpaka weusi wake uwe sawa pote. Mwanafunzi hawezi kuupata usawa huo kwa mara ya kwanza. Basi hufundishwa kuutazama mraba wake mwenyewe: palipofifia huongeza wino, na palipozidi weusi huparua kidogo kwa kisu. Kosa haligeuzwi alama ya kufaulu au kufeli. Linatafutwa kwa jicho, linaondolewa kwa mkono, kwenye karatasi ile ile. Ingekuwapo tafsiri ya kitabu kile kwa Kiswahili, kisu kile kingehitaji kitenzi kosoa, na rejesha ingebaki mlangoni.

Nasi tumekuwa na bahati mbaya ya kihistoria. Uchoraji wa shuleni katika Afrika Mashariki ulipata makao ya chuo kikuu Makerere, pale Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa katika miaka ya 1930, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Walioanzia pale, akiwemo Sam Ntiro wa Tanganyika, walikosolewa kazi zao kwa lugha hiyo. Upande mwingine, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi Dar es Salaam mwaka 1968, waliomfuata walijifunza wakiwa kando yake, na maneno ya mafunzo yale yalibaki mdomoni. Kwa hiyo aliyekaa kuandika mwongozo alikuta pengo kwenye karatasi, akadhani pengo liko kwenye lugha.

Kuhusu umbo lenyewe, nimeulizwa kwa nini isitoshe ukosoaji. Ukosoaji ni tendo kwa jumla, hauhesabiki. Mwalimu anahitaji jina la kitu kimoja anachokitoa kwa karatasi moja, kinachoweza kuandikwa, kuhifadhiwa na kuhesabiwa. Njia ya kuliunda ipo wazi. Fungua ilitupa ufunguo, funua ikatupa ufunuo, pasua ikatupa mpasuo. Kosoa itupe mkosoo, na wingi wake mikosoo, ikae pamoja na mchoro na michoro katika ngeli moja, na upatanisho wa kisarufi ufuate bila taabu. Waliosema o mbili mwishoni zinakera sikio wamesahau kwamba wana koo, na kwamba hutamka kioo na choo kila siku bila kulalamika.

Mkosoo uliotimia una mambo matatu: mahali pa kosa, chanzo chake, na zoezi la kulitendua. Kwa mchemraba, mwalimu huchukua kalamu ya rangi nyingine na kuzirefusha kingo zinazokwenda mbali, ili mwanafunzi aone mwenyewe zinapoachana. Humwambia kwamba alizichora mbilimbili bila kuitazama seti nzima ya kingo nne. Kisha humpa ukurasa mwingine wa michemraba ya kurefusha kwa mkono wake mwenyewe. Kosa moja kwa mkosoo mmoja linatosha kwa anayeanza.

Katika matumizi: mwalimu hutoa mkosoo, mwanafunzi huupokea, anayeutoa ni mkosoaji, na wanafunzi wakipeana wao kwa wao ni mkosoo wa rika. Waliouchapa mwongozo ule bado wana nafasi ya toleo la pili, na barua yangu wanayo. Mwalimu asiyetaka kungoja vikao aandike neno hili juu ya karatasi ya kwanza atakayoletewa kesho, "Mkosoo:", kisha nukta mbili zile zimdai aandike mahali, chanzo na zoezi.