Mistari Myeusi Wodini

Mwaka 1992 Sue Kinnick, muuguzi wa hospitali ya maveterani mjini Topeka, Kansas, alimwona mfanyakazi wa magari ya kukodi akiskani mistari myeusi ya gari. Akawaza kwamba dawa nazo zingeweza kuskaniwa hivyo. Kufikia 2000 mfumo ulikuwa umeenea katika hospitali za maveterani Marekani: bangili ya mgonjwa na dawa visipolingana, kompyuta inaonya. Gharama haikuwa vifaa tu. Famasi zililazimika kufunga vidonge upya, kimoja kimoja. Mwaka 2008 watafiti walieleza jinsi wauguzi walivyoskani nakala za bangili mbali na mgonjwa, maana betri zilikwisha na mistari haikusomeka. Sisi wenye mama na shangazi wodini tunasema: mashine inaokoa, lakini dakika za muuguzi nazo zihesabiwe.