Nafasi Tupu kama Mpaka: Majina ya Kata za Kilosa na Mikumi katika Historia ya Utenganishaji wa Maandishi

Makala hii inajadili swali linaloonekana dogo: je, nafasi tupu baina ya maneno inatosha kuwa mpaka wa taarifa katika faili la data? Wilaya ya Kilosa inafaa kwa mjadala huu. Jina la kata ya Mikumi ni neno moja, na kompyuta hulisoma bila taabu. Kata za Kimamba A na Kimamba B ni jambo jingine. Programu inayochukulia kila nafasi kuwa mwisho wa taarifa hulivunja jina vipande viwili, na idadi ya watu iliyopaswa kuwa katika safu ya pili husogea hadi ya tatu. Mtafiti akiamua kusoma kipande cha kwanza pekee, kata mbili hugeuka moja. (Dar es Salaam huvunjika vipande vitatu, lakini angalau haina pacha wa kuchanganywa naye.)

Ikumbukwe kwamba nafasi haikuwa mpaka wa neno tangu mwanzo. Katika miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi kama alifu, dali na wawu haziungani na herufi inayofuata. Hivyo pengo hutokea hata katikati ya neno. Maneno mafupi kama “na” na “ya”, kwa upande wake, mara nyingi yaliunganishwa na neno lililofuata. Pengo halikumwambia msomaji mengi. Ndiyo maana waandishi wa tenzi waliweka alama maalumu kutenganisha vipande vya ubeti. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa utenganishaji makini kuliko wetu. Hati za Kilatini, zilizoenezwa na wamisionari kama Edward Steere na baadaye kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ndizo zilizotuzoesha kuiamini nafasi.

Historia ya kompyuta nayo haikunyooka. Fortran ya mwaka 1957 haikujali nafasi ndani ya amri zake. Katika kadi ya safu 80, taarifa ilitambuliwa kwa mahali ilipotobolewa. Fortran 77 iliruhusu nafasi au koma kutenganisha thamani, na hapo ndipo jina kama Kimamba A, lisipofungwa kwa alama za mtajo, linapoingia hatarini. Waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 ulieleza utaratibu mwingine: koma hutenganisha, nafasi ni sehemu ya taarifa. Wako wanaopendelea kuandika Kimamba_A. Siungi mkono njia hiyo, kwa kuwa jina hilo halitalingana tena na lile lililomo katika orodha rasmi.

Hata hivyo, utaratibu wa mwaka 2005 una gharama yake. Karani akibonyeza nafasi moja zaidi baada ya herufi A, nafasi hiyo huhifadhiwa, na Kimamba hupata kata ya tatu.